Mtoto anacheza? Historia ya neno moja kutoka ua wa Majengo hadi kwenye gemu

Mama mjamzito akifika kliniki, mojawapo ya maswali atakayoulizwa na muuguzi ni hili: "Mtoto anacheza?" Hakuna anayetaka kujua kama mtoto huyo ana furaha au anashindana na mwenzake. Anachotaka kujua muuguzi ni kama mtoto anajongea, kama anapiga mateke. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, jirani ya Majengo jijini Nairobi, ilianza mwaka wa 1926, na kwa wanawake wa vizazi kadhaa waliopitia pale swali la aina hiyo si geni.

Nimeanza na swali hilo makusudi. Juma hili nataka tuitazame michezo ya video inayomlazimu mchezaji asimame mbele ya runinga, aruke, ainame na kurusha mikono hadi atokwe na jasho, bila kutoka nyumbani kwake. Watengenezaji wake huinadi kama uvumbuzi uliokutanisha mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali, yaani mchezo na mazoezi. Wazungumzaji wa Kiingereza wamelazimika kubandika vipande vya maneno mawili ili waipe jina. Je, na sisi tunahitaji kubandika? Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakikuwahi kuyatenganisha mambo hayo, na kwamba historia ya Majengo inaweza kutufunza kitu kuhusu michezo hiyo ambacho wauzaji wake hawatuambii.

Tuanze na neno lenyewe. Tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza bao. Lakini pia tunacheza ngoma na dansi, tunacheza ngumi, na mwigizaji hucheza filamu. Askari nao hucheza gwaride. Kitu kilicholegea husemwa kinacheza: jino linacheza, msumari unacheza. Kope ikikupapatika utasema jicho linakucheza. Ukiyapanga matumizi haya yote, utaona kwamba mengi yanakutana katika jambo moja, nalo ni mwendo. Furaha, ushindani na burudani huja juu ya mwendo huo. Wazee wa Mombasa na Lamu husema kuteza, na mchezo wakauita mtezo, lakini upana wa maana ni ule ule.

Si lugha zote zilizo hivi. Mluo ana neno tugo kwa mchezo na miel kwa kucheza ngoma. Mganda husema kuzannya anapocheza mpira, na kuzina anapocheza ngoma. Watu wa namna hii, pamoja na wengine kutoka Pwani, Tanganyika na kila pembe ya Kenya, ndio waliokutana Majengo na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya ujirani. Mtu aliyefika na maneno mawili alikuta hapa neno moja linalotosha yote.

Majengo yenyewe ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotenga eneo la Pumwani kwa ajili ya Waafrika na kuanza kuvunja vijiji vyao vya awali vilivyotapakaa mjini. Mwafrika hakumiliki ardhi pale. Alipewa kiwanja, akaruhusiwa kujijengea nyumba yake. Wengi walijenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na mabati ya paa mara nyingi yalikuwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, jambo ambalo wanahistoria Janet Bujra na Luise White wameliandikia kwa kirefu.

Tuuangalie ule ua. Ndipo palipopikwa, palipofuliwa, paliposukwa nywele. Na ndipo palipochezwa. Kwa mwanamke aliyelelewa katika adabu za Kiislamu, kukimbia barabarani mbele ya macho ya watu kusingewezekana. Uani, pamoja na wenzake, mwili ulikuwa huru. Huko Mombasa, Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka wa 1979 ameeleza jinsi wanawake walivyojipanga katika vyama vya lelemama, wakashona sare, wakachaguana viongozi na kushindana chama kwa chama. Hakuna aliyesema anakwenda kufanya mazoezi ya viungo. Alikwenda kucheza. Lakini mwili haujali jina: mabega yalifanya kazi, miguu ilifanya kazi, pumzi ilipanda.

Kwa wanaume kulikuwa na beni. Ngoma hii ilianza katika Pwani ya Kenya miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za Waingereza, na jina lake ndilo lile lile la bendi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka wa 1975, anaonyesha jinsi Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilivyoisambaza ngoma hii katika miji ya bara, ikibebwa na askari na wapagazi. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariokor, soko lililo karibu na Majengo, linalotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Cha kuzingatiwa ni kile ambacho beni ilikifanya. Mkoloni alikuwa na gwaride: simama, geuka, tembea, inua goti. Hayo yalikuwa mazoezi ya kulazimishwa, na yaliyotegea yaliadhibiwa. Wachezaji wa beni walilichukua lile lile gwaride, wakaliweka juu ya mdundo wa ngoma na tarumbeta, wakajipa vyeo vya mfalme na jenerali, kisha wakalicheza kwa hiari yao saa nyingi baada ya kazi. Zoezi la amri liligeuka mchezo wa hiari. Hicho hasa ndicho kinachodaiwa leo kuwa uvumbuzi wa makampuni ya Japani na Marekani.

Sasa turuke hadi upande wa pili wa dunia. Michezo ya video ilipoanza kuenea katika miaka ya 1970, ilimkalisha mchezaji. Mwili wote ulitulia, vidole pekee vikabaki kazini. Kwa Kiswahili tuliendelea kusema mtu anacheza, ingawa kilichokuwa kikicheza ni picha kwenye kioo. Nadhani hii ni mara chache katika maisha ya neno hili ambapo mchezaji amebaki ameketi huku akifanyiwa mwendo na kitu kingine.

Wabunifu nao waliona tatizo hilo. Mwaka wa 1986 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa mkeka wa kukanyagwa na mchezaji badala ya vitufe vya mkononi. Mwaka wa 1998 Konami ikatoa Dance Dance Revolution, ambapo miguu hufuata mishale kwenye jukwaa dogo. Mchezo huo ulipendwa kiasi kwamba mwaka wa 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani lilitangaza mpango wa kuupeleka katika shule zake zote za umma ili kupambana na unene wa watoto. Sony ilileta kamera ya EyeToy mwaka wa 2003. Nintendo ikaleta Wii mwaka wa 2006, halafu Wii Fit mwishoni mwa mwaka wa 2007, yenye ubao wa kusimamia unaopima uzito na usawa wa mwili. Wii Fit iliuza nakala zaidi ya milioni 22. Kinect ya Microsoft ilifuata mwaka wa 2010, na Ring Fit Adventure mwaka wa 2019.

Majengo yalitufikia yapi? Tuseme kweli: kilichofika kwa wingi ni kile cha kukaa. Ukipita mitaa ya Eastlands jioni utaona vibanda vyenye runinga mbili tatu na benchi la mbao, na vijana wakilipia kwa dakika au kwa mechi kucheza kandanda. Ukimpigia kijana simu umuulize yuko wapi, atakujibu, "Niko kwa gemu." Lakini mtazame huyo kijana vizuri. Mchezaji wake kwenye kioo anapokata kona, mabega yake yeye mwenyewe yanapinda. Anapokosa bao anaruka kutoka kwenye benchi. Hakuna kifaa kinachomtaka afanye hivyo. Mwili unakumbuka maana ya neno hata pale mashine imeisahau.

Kisha ukaja mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, na kafyu ya usiku ikaanza tarehe 27 Machi. Mwezi Mei serikali ilifunga mtaa wa Eastleigh, jirani kabisa wa Majengo, watu wasiingie wala kutoka. Ghafla ulimwengu mzima ukawa unauliza swali moja: mtu aliyefungiwa ndani atautunzaje mwili wake? Kwenye nchi tajiri Ring Fit Adventure iliadimika madukani. Huku kwetu wengi walitegemeza simu juu ya stuli wakafuata hatua za Jerusalema, wimbo wa Afrika Kusini ambao mtindo wake wa kuucheza ulianzishwa na kundi la vijana wa Angola mwezi Februari mwaka huo. Haikuwa gemu, kwani simu haikumhesabia mtu pointi. Lakini kazi ilikuwa moja: kioo kinaonyesha, mwili unafuata.

Hapa ndipo suala la nafasi linapojitokeza. Kinect ilimtaka mchezaji mmoja asimame takriban futi sita kutoka kwenye kamera, na wawili wasimame futi nane. Chumba cha kupanga tunachokijua Nairobi ni futi kumi kwa kumi. Weka kitanda cha nne kwa sita, na upana unaobaki ni futi sita kamili. Bado hujaweka jiko, ndoo za maji, meza na hiyo runinga yenyewe. Watengenezaji walipofikiria "nyumbani" walikuwa na sebule akilini. Majengo, nyumbani hakukuwahi kuwa chumba tu. Nyumbani kulikuwa chumba pamoja na ua.

Lakini tuseme mtu amepata kifaa na nafasi. Je, atakonda? Mwaka wa 2012 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa huko Houston, Marekani. Watoto walipewa mashine za Wii, kundi moja likapewa michezo ya kujongea na jingine michezo ya kukaa. Walipopimwa kwa majuma kadhaa, waliopewa michezo ya kujongea hawakuwa wamejishughulisha kimwili kuliko wenzao. Kifaa kilikuwapo, mwendo haukuongezeka.

Kiswahili kinaweza kutusaidia kuelewa sababu. Neno zoezi linatokana na kuzoea. Zoezi si kile ulichokifanya mara moja kwa bidii, bali ni kile unachokirudia mpaka mwili ukizoee. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wastani kila wiki, na neno zito hapo ni "kila wiki". Nini humrudisha mtu kila wiki? Wachezaji wa beni na lelemama walirudi kwa sababu Kingi hakutaka kushindwa na Skochi, kwa sababu sare ilishashonwa, kwa sababu asipoonekana ataulizwa. Mashine iliyo peke yake chumbani haimuulizi mtu alikuwa wapi jana.

Ndiyo maana sioni haja ya kuunda istilahi nzito. Tukitaka kutofautisha, tunaweza kusema gemu za kukaa na gemu za kusimama, na kila mtu mtaani ataelewa bila kamusi. Jambo la haraka zaidi ni mahali. Nyumba kongwe za Majengo zinaendelea kuondoka, maghorofa yanapanda. Maghorofa yana maji na vyoo bora, na hakuna sababu ya kuyalilia matope ya zamani. Ila ua haupandi ghorofani wenyewe. Lazima mtu auchore kwenye ramani.

Na kabla ya hapo kuna lililo karibu zaidi. Kibanda cha gemu tayari kina vitu ambavyo watoto wale wa Houston hawakupewa: wenzao, ushindani, kelele na mtu wa kuuliza "jana ulikuwa wapi?" Kinachokosekana ni futi chache za sakafu na mchezo mmoja wa kusimama kati ya ile ya kukaa. Mwenye kibanda akiondoa benchi moja jioni moja kwa wiki, ataona kama vijana wake bado wanajua kucheza.