Kanisa Linalotazamana na Uhuru Park

Tarehe 3 Februari 1917, Gavana Henry Belfield aliweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Tusione haya kulisema jambo lilivyokuwa: kanisa hili lilijengwa na walowezi, kwa ajili ya walowezi. Mji wenyewe ulikuwa haujatimiza miaka 20 tangu reli iufikie, na Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado inaendelea. Msanifu wake, Mwingereza Temple Moore, alifariki mwaka 1920 kazi ikiwa ingali mbichi. Ujenzi ulijikokota hadi mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Lilipokamilika, mawe yake ya kijivu na vioo vyake vya rangi vilimkumbusha Mwingereza kwao, na bila shaka ndivyo ilivyokusudiwa.

Uhuru haukulibadilisha kwa siku moja. Mwaka 1970 Waanglikana wa Kenya walipata jimbo lao wenyewe, Festo Olang' akiwa Askofu Mkuu wa kwanza. Mapema katika mwongo huo Henry Okullu, aliyekuwa mhariri wa magazeti ya Target na Lengo, akawa Provosti wa kwanza Mwafrika. Mtu aliyezoea kuhoji wakubwa gazetini hakuona sababu ya kunyamaza mimbarini, na mwaka 1974 akatoa kitabu kizima kuhusu kanisa na siasa katika Afrika Mashariki. Wapo waliomwona mkorofi. Kwa maoni yangu, yeye ndiye aliyelitayarisha kanisa hili kwa yaliyokuja baadaye.

Yaliyokuja yalianza Februari 28, 1992. Akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa, Monica Wangu Wamwere akiwa mmoja wao, waliingia bustani ya Uhuru Park pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai wakaanza kugoma kula. Walitaka watu 52 waachiliwe. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale akina mama, wengine wao wazee wa kuitwa nyanya, wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kijana yeyote aliyelelewa na mama anaielewa bila kutafsiriwa. Waliporudi walikuta bustani imefungwa. Basi wakavuka barabara.

Kanisa Kuu likawapokea, wakapewa mahali pa kukaa katika orofa ya chini. Pengine waliowafungulia walidhani ni kwa siku moja au mbili. Wakakaa karibu mwaka mzima. Huko chini walilala, wakaimba, wakaomba, wakasimulia mateso ya wana wao kwa yeyote aliyeshuka ngazi kuwasikiliza. Ibada za juu ziliendelea kama kawaida, na kila muumini aliyepanda kwenda kupokea meza ya Bwana alijua nani yuko chini ya miguu yake. Mwana wa Monica, Koigi wa Wamwere, aliachiliwa Januari 1993, na mapema mwaka huo wafungwa wote isipokuwa mmoja walikuwa wametoka.

Gharama ya kuufungua mlango ule ilionekana Julai 7, 1997. Waliokuwa wakidai mabadiliko ya katiba walikimbilia ndani ya kanisa, na polisi wakawafuata humo humo, moshi wa vitoa machozi ukajaa kati ya viti. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian alipigwa hadi kutoka damu. Askofu Mkuu David Gitari ilimbidi aongoze ibada ya kulitakasa hekalu.

Leo hatari haiji na rungu. Inakuja na bahasha. Harambee za makanisa ya Nairobi zimekuwa jukwaa la wanasiasa, na kiongozi wa ibada aliyepokea mamilioni ya mheshimiwa asubuhi atamkemea vipi jioni? Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu kanisani, na mwaka 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi nalo likakataa michango yao. Ni hatua njema, ingawa zimechelewa. Ugumu mwingine hauna kelele: waumini wa katikati ya jiji wanaishi Kitengela au Ruaka, wana kanisa jingine kijijini watakakozikwa, na vijana wao wanavutwa na makanisa mapya yenye vikuza sauti. Kumfahamu jirani wa kiti chako huchukua miaka.

Ndiyo maana kumbukumbu za 1992 zisiachwe zipotee. Kama ulikuwapo, ukawaletea akina mama wale chakula au ukakesha nao, andika ulichokiona, au mketishe mjukuu akurekodi kwa simu, kisha upeleke nakala kwenye ofisi ya kanisa.