Nani Alimfundisha Mwalimu wa Pesa?

Wiki kadhaa zilizopita nilialikwa kwenye semina ya vijana hapa Malindi. Mada: jinsi ya kuweka akiba. Soda ya bure, fulana ya bure, cheti mwisho wa siku. Nikaenda na simu yangu nirekodi kideo, si mnanijua. Mkufunzi akawasha projekta, na sentensi yake ya kwanza ikawa: "Shida ya watu wa Pwani ni kwamba hawajaelimishwa kuhusu pesa."

Nusu ya ukumbi ikacheka. Mimi pia nilicheka, sitawadanganya. Hiyo tumeisikia tangu utotoni. Mpwani mvivu, Mpwani ni kulala chini ya mnazi, Mpwani akipata mia anakula mia. Ukiisikia mara nyingi unaanza kuirudia mwenyewe kama mzaha.

Kisha mama mmoja muuza samaki, aliyekaa nyuma, akainua mkono. Akasema: "Mwanangu, mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wanane. Daftari ninalo hapa kwenye mkoba. Niulize kwanza, halafu unifundishe." Mkufunzi akajibu kwamba maswali yangekuja mwishoni. Mwisho ulipofika, chakula kilikuwa tayari na hakuna aliyekumbuka.

Ile "niulize kwanza" imenikaa kichwani. Nikaanza kusoma: hawa wanaotufundisha pesa, wao walifundishwa na nani? Na hii habari kwamba sisi hatujui pesa ilianza lini? Leo nataka niwaeleze nilichokipata. Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Somo la kwanza lilikuwa kodi

Tuanze na neno lenyewe. "Pesa" limevuka bahari kutoka India, kwa paisa. Kampuni ya Waingereza ya IBEA ilipoanza kutawala kutoka Mombasa mwaka 1888, sarafu zake zilikuwa rupia na pesa. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa ikaja florini, na haikukaa sana, ikaja shilingi. Yaani hawe yake hawe yangu angeweza kushika sarafu za aina tatu kwa muda mfupi, na kila moja ajue thamani yake sokoni. Huyo ndiye asiyejua pesa?

Wagiriama wakati huo walikuwa wanalima nafaka na kuuza. Walikuwa na mifugo, na walifanya biashara na miji ya pwani, Malindi na Takaungu zikiwemo. Shida kwa Waingereza haikuwa kwamba hawa watu hawana uchumi. Shida ilikuwa kwamba wanao. Mtu mwenye shamba lake na ghala lake hana haraka ya kwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mzungu.

Mwaka 1912 akaletwa afisa kijana, Arthur Champion, kuwatawala Wagiriama: kuhakikisha kodi inalipwa na vijana wanatoka kwenda kazini. Kodi ililipwa kwa pesa taslimu, kwa hivyo ikawa njia ya kumsukuma mtu atafute mshahara atake asitake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akasimama, akapita vijijini, watu wakala viapo kwenye Kaya Fungo kwamba hawatashirikiana. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Wakatoroka wakarudi. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Baada ya vita Wagiriama wakatozwa faini, na wakatakiwa watoe vijana wa kazi.

Shuleni tunafundishwa habari ya Mekatilili kama shujaa, na ni kweli. Lakini sikuwahi kuisoma kama somo la uchumi. Ukiitazama vizuri, ilikuwa hesabu: kijana akiondoka wakati wa kulima, shamba linapoteza mikono, na mshahara anaorudi nao haufiki thamani ya mavuno yaliyopotea. Watu walipiga hesabu wakakataa. Na mtu akikataa kukufanyia kazi, jina rahisi la kumpa ni mvivu. Kwangu mimi, ule mzaha tuliocheka ukumbini mizizi yake iko huko.

Kabete, 1925

Sasa tuje kwa walimu. Wazo la kumfundisha mwalimu, ili naye azunguke awafundishe wengine, si geni Kenya. Lina miaka mia.

Lilianzia Marekani Kusini, kwa Wamarekani Weusi. Mwaka 1908, huko Henrico, Virginia, mwalimu aitwaye Virginia Randolph alipewa kazi ya kutembelea shule ndogo za vijijini na kusaidia walimu wake, akilipwa na mfuko ulioanzishwa na tajiri Anna Jeanes. Mpango ukapata sifa, na mwaka 1925 ukafika Kenya: Shule ya Jeanes, Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Walimu walifundishwa kilimo, afya, ufundi na kuangalia shule za vijijini. Tena mwalimu alikuja na mkewe, na mke naye akapata mafunzo. Wakimaliza wanarudi kijijini kuishi na watu, si kuja siku moja na kuondoka na gari.

Hapo nawapa maua yao. Mwalimu aliyekaa kijijini aliona nani ana ng'ombe, nani ana deni, mvua ikikosa nini kinauzwa kwanza. Hiyo huwezi kuipata kwenye projekta.

Lakini kuna upande wa pili. Alichofundishwa kufundisha hakukiamua yeye. Wakati huohuo, serikali ileile iliyotaka Mwafrika ajifunze maendeleo ilimzuia asilime kahawa sehemu nyingi, kwa kuwa ilikuwa ya walowezi. Unafundishwa kupanda, kisha unakatazwa zao linalolipa. Hebu fikiria mwanafunzi akiuliza swali hilo darasani. Mwalimu angemjibu nini?

Mwaka 1952 pale Kabete yakaanza mafunzo ya wakaguzi wa vyama vya ushirika. Huo ndio mwanzo wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika, Karen. Kwa hivyo kama bibi yako aliwahi kuuza mazao kupitia ushirika, ujue mtu aliyekuja kukagua vitabu alitokana na safari hiyo.

Korosho

Kilifi tuna somo letu wenyewe kuhusu ushirika. Wanaojua mji wanajua kiwanda cha korosho. Kilijengwa miaka ya 1970, wakati korosho ilikuwa pesa ya karo, pesa ya mahari na pesa ya mabati. Miaka ya 1990 serikali ikauza sehemu yake, madeni yakaingia, kiwanda kikafungwa. Wakulima wengi wakabaki kumuuzia dalali kwa bei anayoitaka yeye, na mikorosho mingine ikazeeka bila kupandwa mipya.

Ninapowauliza wazee, hakuna anayeniambia "hatukujua kuweka akiba". Wanasema hawakujua nani anamiliki nini, deni limechukuliwa kwa jina la nani, na karatasi waliyotia kidole gumba ilisema nini. Hilo ni somo la pesa pia. Tena ndilo kubwa. Kuweka shilingi hamsini kwenye kibubu ni vizuri, lakini hakukusaidii kama hujui kusoma mkataba unaokuondolea shamba au kiwanda.

Huko Mumbai, mwaka 1991, Jeroo Billimoria alianza mpango wa kufundisha watoto ambao baadaye ukazaa shirika la Aflatoun, lenye makao yake Amsterdam tangu 2005. Linaandaa wakufunzi, wakufunzi wanaandaa walimu, na mafunzo yamefika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Kilichonivutia ni mpangilio wao: mtoto hafundishwi akiba peke yake, anafundishwa haki zake pamoja na akiba. Nadhani wazee wa korosho wangekubaliana nao haraka sana.

Bangla-Pesa na mweria

Sasa habari ya karibu. Mwaka 2010, Kongowea, Mombasa, kulijaribiwa kitu kinaitwa Eco-Pesa. Mei 2013, mtaa wa Bangladesh, hukohuko Mombasa, ikazinduliwa Bangla-Pesa. Aliyekuwa mbele ni Mmarekani aliyesomea fizikia, Will Ruddick, pamoja na wafanyabiashara wadogo wa mtaa. Wazo lake ni rahisi. Mama wa mboga hana shilingi leo, fundi cherehani naye hana, lakini mama anahitaji kushonewa na fundi anahitaji mboga. Basi wapeane vocha walizokubaliana, na shilingi zao chache wazitunzie vitu vya nje ya mtaa.

Polisi wakawakamata, wakidai ni pesa bandia. Ruddick na wenzake watano, wakazi wa mtaa. Agosti mwaka huohuo mashtaka yakaondolewa. Baadaye mpango ukaenea sehemu nyingine, ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, na shirika lao, Grassroots Economics, likaweka makao Kilifi.

Na huku ndiko nilikotaka kuwafikisha. Walipokuja kwenye vijiji vyetu, walikuta Wamijikenda wana kitu chao: mweria. Leo kundi zima linalima kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule mjane, na kila mtu anakumbuka nani amelima kwa nani. Hakuna shilingi inayotoka mfukoni, lakini deni lipo, uaminifu upo na hesabu ipo. Shirika likaacha kufundisha kana kwamba linaanza sifuri, likaanza kuijenga kazi yake juu ya mweria.

Nitakuwa mkweli: roho yangu ina pande mbili. Upande mmoja unafurahi, maana hapo mwalimu aliuliza kwanza. Upande wa pili unauma kidogo. Kwa nini ilibidi mgeni aiite mweria "uchumi" ndipo na sisi tuone ni uchumi? Hawe yangu amekuwa kwenye mweria miaka yote, na mimi nilikuwa nikisema "hawe hafanyi kazi".

Na mnazi je? Kwa Wagiriama, mti unaweza kuwa mali ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Mti unauzwa, mti unawekwa rehani. Ukimkuta mzee chini ya mnazi, yawezekana amekaa chini ya akaunti yake.

Sasa tuseme ukweli wetu

Msije mkadhani nasema tuko sawa tu, hatuhitaji kufundishwa. Lakini wapi! Rafiki zangu wanabeti hadi nauli ya tuktuk. Kuna anayekopa kwenye simu ili alipe mkopo mwingine wa simu. M-Pesa ilikuja 2007, M-Shwari ikaja Novemba 2012, na mweria haikutuandaa kwa hayo.

Chukua mfano mmoja. M-Shwari ilipoanza, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukisikia 7.5 unaona ndogo. Umekopa 1,000, unarudisha 1,075, hakuna noma. Sasa rudia kila mwezi kwa mwaka: 75 mara 12 ni 900. Umelipa karibu elfu nyingine nzima ili uendelee kutumia elfu ileile. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita. Mimi sikufundishwa na mtu kuipiga. Niliipiga mwenyewe baada ya kuumia.

Na shuleni je? Tangu mageuzi ya mtaala wa 8-4-4 mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari zetu ziliunganisha biashara, uhasibu na uchumi kuwa somo moja la Biashara. Mtaala mpya ulipofika sekondari ya msingi, Biashara ikaanza kama somo peke yake, kisha ikaunganishwa na Kompyuta ndani ya masomo ya awali ya ufundi. Kwa hivyo mwalimu mmoja anatarajiwa afundishe michoro, kompyuta na biashara. Huyo hahitaji lawama, anahitaji mafunzo. Ukitaka mtoto wa Ganda au Kaloleni ajue riba, anza na mwalimu wake.

Na anayemfundisha huyo mwalimu, mimi ningemwomba vitu vitatu. Aulize kabla ya kufundisha: mna chama, mna mweria, mnaweka vipi hesabu zenu? Afundishe kusoma mkataba na kupiga riba kabla ya kufundisha kibubu. Na asiwaambie watu kwamba hawajui pesa, mpaka awe amefungua daftari lao.

Kile kideo cha semina sijakipandisha. Badala yake nilimtafuta yule mama sokoni, nikamwomba anionyeshe daftari. Safu za majina, tarehe, alama za aliyelipa na aliyechelewa, na pembeni sababu: "mtoto mgonjwa", "bahari chafu", "msiba". Benki gani inaandika hivyo? Nikamuuliza kuhusu mikopo ya simu. Akasema hiyo hataki kuidanganya, hapo ndipo wanachama wake wanapoumia, na hajui awaelezeje.

Tukakaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, nikatoa kalamu, nikamwandikia 75 mara 12. Akaiangalia, akaguna, akasema, "Njoo Jumapili uwaambie wote. Lakini mwanangu, uanze kwa kuwauliza."

Jumapili naenda. Na wewe, kwenu mweria mnaiitaje, na daftari la chama analo nani?