Unga Mweupe Kwenye Vichwa vya Betri

Gari likikataa kuwaka asubuhi mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, betri ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi huwa inaonewa. Stata inagonga mara moja, taa za dashibodi zinafifia, na mwenye gari anaanza kupiga hesabu ya betri mpya. Fundi akifungua boneti anakuta ugonjwa uko nje: unga mweupe, pengine wa samawati au kijani, umefunika kichwa cha betri na kuila terminali ya waya. Ndani betri ni nzima. Wangapi wametupa betri nzuri kwa sababu ya unga huu? Wengi mno, na inauma, kwa kuwa dawa yake iko jikoni.

Mzizi wa jambo hili uko Ufaransa, mwaka 1859, Gaston Planté alipotumbukiza sahani za risasi ndani ya asidi ya salfuriki na kupata betri inayoweza kuchajiwa tena na tena. Camille Faure aliiboresha mwaka 1881. Magari ya mwanzo hayakuihitaji sana, kwa kuwa yaliwashwa kwa hendeli, kazi iliyovunja watu mikono. Kisha Mmarekani Charles Kettering akatengeneza stata ya umeme mwaka 1911, na Cadillac ikaiweka kwenye magari yake ya 1912. Tangu hapo gari na risasi havijaachana.

Kakamega ilifanywa makao makuu ya wilaya mwaka 1920, yalipohamishwa kutoka Mumias. Lakini kilicholeta magari kwa wingi ni dhahabu. Mwaka 1931 mlowezi wa Kimarekani, L. A. Johnson, aliipata hapa, na walowezi waliokuwa wamebanwa na mdororo wa uchumi wakamiminika. Serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi mwaka 1932 ili machimbo yapite kwenye mashamba ya wenyeji, dhuluma ambayo wazee hawakuisahau. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi 1952.

Betri nyingi za enzi hiyo zilikuwa za volti 6, zenye masanduku ya mpira mgumu yaliyozibwa juu kwa lami. Sahani zake zilichanganywa na antimoni ili risasi iwe ngumu, na antimoni hiyo ilifanya betri itoe hewa nyingi ikichajiwa. Hapo ndipo kutu inapoanzia. Betri ikikaribia kujaa, maji yaliyomo huvunjika yakawa haidrojeni na oksijeni. Mapovu yanapanda, yanapasuka, na kila povu linarusha ukungu wa asidi. Ukungu huo unatoka kupitia vifuniko na kwenye ufa mwembamba unaozunguka kichwa cha betri. Ukikutana na risasi, unazaa salfeti ya risasi, ule unga mweupe. Ukifika kwenye waya wa shaba, unazaa salfeti ya shaba, ile rangi ya samawati. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yenye unyevu hivyo haiipi asidi nafasi ya kukauka.

Madhara yake yanapimika. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 200. Uchafu ukiweka ukinzani wa omu 0.01 tu kati ya kichwa na terminali, volti 2 zinapotea hapohapo kabla umeme haujafika popote. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni hasara kubwa. Kwa ile ya volti 6 ilikuwa theluthi ya nguvu yote, na si ajabu hendeli iliendelea kubebwa garini kwa miaka mingi.

Waingereza walijaribu njia yao. Kwa miongo kadhaa magari yao mengi yalifungwa waya wa chanya kwenye bodi, kinyume na ilivyo leo, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba kutu ingepungua. Land Rover zilikuwa hivyo hadi 1967. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Land Rover ya serikali, kisha akaletewa Peugeot 404, ilimbidi ajifunze upya waya upi wa kufungua kwanza. Kanuni ni moja: fungua kwanza ule unaogusa bodi, na urudishe huohuo mwisho, ili spana ikiteleza isizae cheche. Kutu yenyewe haikujali mpangilio huo. Iliendelea kumea.

Mwaka 1973 serikali iliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na gari lililosimama na kuwaka mara nyingi kwa siku likawa riziki ya familia. Betri nayo ikaingia nyumbani. Kabla nguzo za stima hazijafika vijijini, familia nyingi zilitazama televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari, inayopelekwa sokoni kuchajiwa ikiwa imefungwa nyuma ya baiskeli. Huko hakukuwa na terminali: waya mtupu ulizungushwa kichwani, asidi ikamwagika njiani, na baada ya miezi michache shaba ilikuwa imegeuka unga. Watoto waliishika betri hiyo kwa mikono mitupu. Hili linaniumiza hadi leo, kwa sababu unga ule mweupe una risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Dawa, kama nilivyosema, iko jikoni. Asidi huuawa na alkali, na Waluhya walijua kutengeneza alkali kabla gari la kwanza halijakanyaga nchi hii. Maganda na mashina ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, maji yakapitishwa taratibu, na kinachodondoka, cha rangi ya kahawia, ndicho musherekha wa kulainishia mrenda na kunde. Magadi hufanya kazi ileile. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, mwaka uleule wa stata ya Kettering. Kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji ya moto, ukimwaga juu ya unga, povu linafoka na kuchemka. Povu likikoma, asidi imekwisha. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa kabisa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi inayohitajika.

Wapo wanaomwaga Coca-Cola. Inasafisha kweli, kwa kuwa ina asidi ya fosforiki, lakini ni asidi juu ya asidi, na sukari inabaki ikinasa vumbi. Magadi ni bora. Baada ya hapo fundi anasuuza, anakausha, anasugua kichwa na tundu la terminali kwa msasa hadi risasi ing'ae, anakaza kwa spana namba 10, ndipo anapaka grisi kwa nje. Anayepaka grisi juu ya uchafu ameufungia ndani.

Magari ya mitumba kutoka Japani yameleta tatizo jipya. Probox na Vitz nyingi hutumia betri yenye vichwa vyembamba. Mwenye gari akiazima betri ya vichwa vinene, terminali hupanuliwa kwa bisibisi. Siku betri yake mwenyewe ikirudishwa, terminali inacheza, na hapo hupigiliwa msumari katikati. Msumari ule ni chuma, unakamata kutu upesi na hugusa kwa upande mmoja tu. Terminali mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri.

Tangu miaka ya 1970 antimoni ilianza kuiachia kalsiamu nafasi, na betri zisizotiwa maji hutoa hewa kidogo. Unga umepungua, haujakwisha: alteneta ikichaji kupita kiasi, hata betri iliyofungwa itahema.

Maji ya kusuuzia nayo yana madhara yake, maana yanabeba risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika damu za watu, Phyllis Omido akakipinga hadi akatuzwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Gereji ya kando ya barabara haimwagi kiasi hicho, lakini inamwaga kila siku, mara nyingi kwenye mtaro unaoteremka hadi shamba la sukuma wiki. Futa unga kwa kitambaa chenye maji badala ya kuupuliza, vaa glavu, na kitambaa hicho kisirudi nyumbani.

Magari ya umeme yanaanza kuonekana Kenya, na wengi wanadhani habari hii itaishia hapo. Nissan Leaf, kwa mfano, inaendeshwa na betri ya lithiamu, lakini kompyuta na taa zake huamshwa na betri nyingine ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi, yenye vichwa viwili chini ya boneti.