Nani Humchagulia Mtoto Kitabu?

Historia ya vitabu vya watoto kwa Kiswahili ni historia ya wachaguzi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikagua vitabu vya shule ili vifuate Kiswahili sanifu. Usahihi wa lugha ukatangulia furaha ya msomaji. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulileta utaratibu mwingine: wachapishaji waliwasilisha miswada, nao mradi ukanunua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni. Hivyo hadithi zenye picha zilimfikia hata mtoto ambaye mzazi wake hakumudu kununua. Hata hivyo, mteuzi alibaki kuwa mtu mzima. Mabibi na mabwana, kabla ya kuamua, tumsomee mtoto kwa sauti. Akiomba turudie, amekwisha kuchagua.