Udongo, Chumvi na Kinga Iliyogeuka: Historia ya Rovu na Kisukari Magharibi mwa Kagera

Ardhi ya Karagwe na Kyerwa imekaa juu ya miamba mikongwe ambayo wanajiolojia wameiita Karagwe-Ankole, yenye umri unaozidi miaka bilioni moja, na tangu enzi ambazo hakuna jicho la binadamu lililozishuhudia mvua zimekuwa zikiuosha udongo wake na kuyapeleka mabondeni madini yanayoyeyuka kwa urahisi. Miongoni mwa madini hayo ni madini joto, ambayo hazina yake kubwa duniani ni bahari, na mkaazi wa Kayanga au Isingiro yuko mamia ya kilomita kutoka pwani. Kwa kuwa ndizi, maharage na maziwa ya Wanyambo, wenyeji wa hapo, yalitoka katika ardhi hiyohiyo, historia ya magonjwa ya tezi dundumio, yaani tezi iliyo mbele ya koo ambayo hospitalini huitwa thairoidi, haiwezi kuanzia kwenye damu na ukoo peke yake. Inaanzia kwenye udongo na chumvi.

Tezi hiyo hutumia madini joto kutengeneza homoni, yaani vichocheo vinavyoongoza kasi ya mwili, joto lake na ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni, na inapoyakosa hutanuka ili ikamate hata chembe ndogo inayopita katika damu, na huo mtanuko ndio uvimbe wa shingo uitwao rovu. Kabla ya chumvi ya kiwandani kufika, falme za Maziwa Makuu zilitegemea biashara ya chumvi za bara, hasa ile ya Katwe, ziwa la volkeno lililoko magharibi mwa Uganda ya leo, ambayo ilisafirishwa hadi Nkore, Rwanda na Karagwe. Ilikuwa bidhaa ya thamani, lakini haikuwa chumvi iliyoongezwa kinga dhidi ya rovu.

Uchunguzi uliobadilisha fikra kuhusu rovu ulifanyika si mbali sana na Kagera, katika kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu, ambako miaka ya 1960 mtafiti François Delange na wenzake waligundua kwamba wakazi wa kaskazini walikuwa na rovu kwa wingi, ilhali wa kusini-magharibi walikuwa nalo kwa uchache, ingawa pande zote mbili zilipungukiwa madini joto. Uhaba wa madini, walisema, unafungua mlango tu. Lazima kuwe na jambo jingine la kuusukuma. Tuhuma kubwa iliangukia muhogo usioandaliwa vizuri, ambao sumu yake, mwili unapoivunja, huzaa kemikali inayozuia tezi kunyonya madini joto. Funzo la Idjwi lingali na uzito hadi leo, kwa sababu linaonyesha kwamba mazingira si kitu kimoja: watu wa kisiwa kimoja walitofautiana kwa kiasi hicho.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilisimamia mapambano hayo, kwanza kwa vidonge vya mafuta yenye madini joto vilivyogawiwa kuanzia miaka ya 1980 katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha, kuanzia miaka ya 1990, kwa sheria ya kuongeza madini joto katika chumvi yote ya kula. Rovu miongoni mwa watoto wa shule, lililokadiriwa kufikia asilimia 25 katika miaka ya 1980, lilishuka hadi takriban asilimia 7 katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2004, na ni haki kuyahesabu mafanikio hayo miongoni mwa kazi kubwa za afya ya jamii ambazo nchi hii imewahi kufanya, ingawa husifiwa kwa nadra.

Hata hivyo dawa hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kutoka Kivu wagonjwa ambao tezi zao, baada ya chumvi mpya kuingia, zilianza kuzalisha homoni kupita kiasi, wakakonda, wakatetemeka na moyo kwenda mbio. Taarifa kama hiyo ilikuwa imetoka Zimbabwe mwaka mmoja kabla. Sehemu kubwa ya hali hiyo husababishwa na vinundu vya rovu la zamani ambavyo vimezoea kufanya kazi bila kutii amri ya ubongo, lakini madini joto yakizidi yanaweza pia kuamsha ugonjwa wa aina nyingine kabisa, ambao kinga ya mwili yenyewe huugeukia mwili.

Ugonjwa huo wa pili una historia yake. Mwaka 1912 Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani, alieleza tezi za wanawake wanne zilizojaa chembe nyeupe za damu bila kujua zilifuata nini humo, na ni mwaka 1956 tu ndipo Noel Rose na Ernest Witebsky huko Marekani walipoonyesha kwamba sungura akichanjwa dondoo la tezi yake mwenyewe huugua tezi hiyo, huku Deborah Doniach na wenzake jijini London wakizikuta kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, zikiilenga tezi katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto. Mwaka 1974 Doniach alikuwa tena miongoni mwa waliogundua kingamwili dhidi ya kongosho kwa wagonjwa wa kisukari, na hivyo kisukari aina ya kwanza, ambamo seli zinazotengeneza insulini huangamizwa, kikapata undugu na magonjwa ya tezi. Undugu huo umo pia katika jeni, yaani sehemu za vinasaba zinazobeba maagizo ya urithi: zile za kundi la HLA, zinazoiwezesha kinga kutofautisha chake na cha mgeni, pamoja na CTLA4 inayoitia breki, huonekana katika magonjwa yote mawili. Lakini pacha wa kufanana wa mgonjwa aliyevimba tezi kwa kinga iliyogeuka haugui kila mara, kwa hiyo urithi pekee hautoshi.

Kwa nini basi magonjwa haya yalionekana haba katika Afrika ya Mashariki ya zamani? Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929, alishangazwa na uchache wa kisukari miongoni mwa walaji wa ndizi na mboga, akaja kuutafutia sababu katika ufumwele wa chakula, yaani nyuzi za mimea ambazo tumbo haliziyeyushi. Daktari Brian Greenwood alitoa jibu jingine mwaka 1968 kutokana na wagonjwa wa Nigeria, kwamba malaria na minyoo ya tangu utotoni huishughulisha kinga na kuizuia isijigeukie, na baadaye akaonyesha kuwa panya wenye maradhi ya aina hiyo hupata nafuu wakiambukizwa vimelea vya malaria. Majibu hayo mawili hayapingani, na kwa nyanda za ndizi ambako malaria huja kwa milipuko yote mawili yana mahali pake, ingawa ni lazima kukumbuka pia kwamba mtoto aliyekufa kwa kisukari kabla ya kufika hospitali hakuwahi kuhesabiwa popote.

Wala wingi wa chakula haukuwa jambo geni Karagwe. John Hanning Speke, msafiri Mwingereza aliyefika kwa mukama, yaani mfalme, Rumanyika mwaka 1861, aliandika kuhusu wake wa ikulu waliolishwa maziwa hadi wakashindwa kusimama, kwa kuwa unene wao ulikuwa ishara ya utajiri wa ng'ombe. Unene huo ulikuwa wa ikulu. Wa leo umesambaa kwa sukari, mafuta ya kupikia na kazi za kukaa. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 1 tu ya watu wazima wa vijiji sita vya Tanzania, lakini upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulitoa asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na ingawa umri na mbinu za vipimo havikulingana, tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa mbinu peke yake, na jeni za watu hazibadiliki kwa kizazi kimoja.

Kisukari cha watoto kimebaki fumbo gumu zaidi. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta wagonjwa wapya takriban 1.5 kwa kila vijana 100,000 kwa mwaka, wakati Finland imewahi kuvuka 60. Kisha mwaka 2025 utafiti uliohusisha Kamerun, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliodhaniwa kuwa na kisukari aina ya kwanza hawakuwa na kingamwili dhidi ya kongosho, na urithi wao haukufanana na ule unaojulikana Ulaya, jambo linaloelekeza kwenye sababu nyingine, pengine lishe duni ya utotoni, na mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua kisukari cha lishe duni kuwa aina ya tano. Uganda iko ng'ambo tu ya Mto Kagera, mkabala na Murongo ya Kyerwa. Mtoto wa upande huu anayekonda na kukojoa mara kwa mara anahitaji insulini mara moja, kama alivyoihitaji mgonjwa wa kwanza huko Toronto mwaka 1922. Lakini desturi iliyotoka Ulaya ya kumpima kila mtoto wa kisukari tezi dundumio, kwa kuamini kwamba kinga iliyogeukia kongosho itaigeukia na tezi, haiwezi kuchukuliwa hivihivi mahali ambapo huenda watoto wengi wa namna hiyo kinga yao haikugeuka kamwe.