"Ingawa Ana Uwezo": Historia Fupi ya Kumtelekeza Mtoto

Mzazi na ofisa ustawi wa jamii hutumia neno moja, kutelekeza, lakini aghalabu hawazungumzii jambo moja. Kwa wazazi wengi wa Goba na viunga vingine vya Dar es Salaam, aliyetelekeza ni aliyekimbia: baba aliyezima simu na kuhamia mkoa mwingine, au mama aliyeacha kichanga mlangoni pa watu. Kwa ofisa ustawi orodha ni ndefu zaidi. Humo yumo mtoto asiyekwenda shule, asiyepelekwa kliniki, anayefungiwa ndani kutwa, au anayeachwa mikononi mwa dada yake mwenye umri wa miaka tisa. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza samaki na kurudi usiku hujiona mzazi anayehangaikia wanawe. Katika jalada la ofisi, mama huyo huyo anaweza kusomeka kuwa mzazi mzembe.

Tofauti hii ina historia, na historia hiyo imo ndani ya sheria zetu.

Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza humtia hatiani mzazi anayemnyima mtoto mdogo chakula, mavazi na mahitaji mengine ilhali ana uwezo wa kumpatia. Tuyashike maneno hayo: ilhali ana uwezo. Tangu mwanzo, kosa lilikuwa kukataa. Kukosa halikuwa kosa. Mwaka 1937 ilikuja Sheria ya Watoto na Vijana, na mwaka 1949 ikafuata sheria ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Hii ya pili ilimtaka baba atoe kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Iliendelea kuwamo vitabuni hadi mwaka 2009, wakati ambapo shilingi 100 haikutosha hata nauli ya mtu mzima kwenye daladala. Kwa miongo kadhaa, basi, baba aliyelipa fedha hiyo alikuwa mbele ya sheria mzazi aliyetimiza wajibu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa baba jukumu la malazi, mavazi, chakula na elimu ya watoto wake, kwa kadiri ya uwezo na hali yake ya maisha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikapanua haki hizo hadi matibabu, chanjo, malezi na hata muda wa kucheza. Ikamtaka pia kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza mwanawe. Sharti la uwezo halikufutwa.

Wakati sheria ikipanuka, mikono ya kulea ilikuwa ikipungua. Miongoni mwa Wazaramo, wenyeji wa ukanda huu wanaofuata kwa asili ukoo wa mama, mjomba alikuwa na sauti na wajibu juu ya mtoto wa dada yake. Goba ya mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo iliwezesha malezi ya namna hiyo, kwa kuwa shamba, nyumba na ndugu vilikuwa karibu. Leo Goba, iliyokuwa Kinondoni na sasa ni kata ya Manispaa ya Ubungo, ni mji wa viwanja vilivyopimwa na visivyopimwa, wa kuta ndefu na vyumba vya kupanga. Jirani wa leo huenda alihamia mwezi uliopita. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wahenga hao hao walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tumeusahau msemo wa kwanza tukabaki na wa pili, ule unaomtaja mama peke yake.

Uzito wa jambo hili ulionekana Aprili 2018, pale aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowaita wanawake waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake. Walifika kwa maelfu, watoto mgongoni. Tunaweza kubishana kuhusu busara ya njia ile, lakini umati ule ulitupa somo. Walioshtaki ni wale waliobaki na watoto. Walioshtakiwa ni wale ambao ofisa ustawi hawakuti anapobisha hodi. Mlangoni hukutwa mama, na makosa ya nyumba nzima huandikwa kwa jina lake.

Mkataba tulioridhia mwaka 1991 una upande ambao hatuutaji sana. Unampa mzazi wajibu wa kwanza kwa kadiri ya uwezo wake, kisha unaitaka serikali imsaidie anayeshindwa, hasa kwa chakula, mavazi na makazi. Kwa hiyo, mtoto anapofungiwa chumbani kwa sababu mama hana ada ya kituo cha kulelea watoto, jalada linapaswa kuwa na majina matatu: la mama, la baba na la halmashauri.

Sisemi kwamba umaskini ni kinga. Wako wazazi wanaokunywa fedha ya uji wa mtoto, na sheria iwashukie. Hata hivyo, ofisa anayeanza na swali "kwa nini mtoto hayuko shule?" bila kuuliza "baba yake yuko wapi, na wewe unaishi kwa nini?" anakuwa ameiruka nusu ya sheria anayoisimamia. Mtoto aliyeondolewa kwa mama maskini huku baba mwenye mshahara akiachwa kwa amani ametelekezwa mara mbili, na mara ya pili mtelekezaji ni sisi.