Mwalimu wa Jenin Aliyekuwa Askari



Katika vita ya mwaka 1948, Myahudi mmoja kijana, Arna Mer, alitumikia Palmach, kikosi mashuhuri cha wapiganaji walioiasisi dola ya Israeli. Miaka arobaini baadaye, mwanamke huyo huyo alikuwa akiwafundisha watoto wa Kipalestina kuchora na kuigiza katika kambi ya wakimbizi ya Jenin, Ukingo wa Magharibi.

Desemba 1987 Wapalestina walisimama kuupinga utawala wa kijeshi wa Israeli. Watawala wakazifunga shule kwa miezi mingi. Mtoto aliyenyimwa darasa alibakiwa na barabara, na jiwe mkononi. Ndipo Arna alipoanzisha nyumba za kujifunzia. Mwaka 1993 alipewa nchini Sweden tuzo ya Right Livelihood, na fedha zake zikajenga jukwaa la watoto katika nyumba ya familia moja kambini. Likaitwa Jukwaa la Mawe. Arna alifariki mwaka 1995.

Tusidanganyane: jukwaa halikuondoa dhuluma. Baadhi ya watoto walioigiza hapo walishika bunduki baadaye, wakafa. Aprili 2002 jeshi la Israeli liliishambulia kambi. Walikufa askari 23 wa Israeli na Wapalestina wasiopungua 52, na matingatinga yakabomoa katikati ya kambi, jukwaa likiwamo.

Je, kazi ile ilipotea? La, hasha! Mwaka 2006 Juliano Mer-Khamis, mwana wa Arna, alifungua kambini Jumba la Michezo la Uhuru. Miongoni mwa walioshirikiana naye alikuwamo Zakaria Zubeidi, mmoja wa watoto wale, ambaye alikwisha kuwa kamanda wa wapiganaji. Juliano aliuawa kwa risasi mwaka 2011, lakini wenzake hawakuiacha kazi. Hata mapema mwaka 2025, operesheni nyingine ya Israeli ilipowahamisha wakazi wa kambi kwa nguvu, jumba liliweza kufungwa, bali mafunzo yalikwisha kuingia vichwani mwa watu.

Mwenye nia ya kuwasaidia watoto wa Palestina kwa muziki na sanaa na azingatie hilo: kuta huanguka, waliofundishwa ndio hurudi kuzijenga. Nasi tulioshika silaha tukumbuke kuwa amri ya kufunga shule huandikwa kwa dakika moja, lakini walinzi huilipia kwa miaka mingi.